Asante Mama, Ndoa Yetu Hamna Jema

Kwanza kabisa: sikudarizi. Shosti unayesambaza kwamba nilikaa nikadarizi yale maneno ya kwenye blanketi la zawadi kwa uzi wa dhahabu ili nimkomoe binti wa shangazi yangu kwenye kitchen party yake, nakujua, na kile kicheko cha kwenye ile sauti uliyorekodi, unachocheka hadi unakohoa, nakijua pia. Maneno yalitoka kiwandani yamechapwa. Mimi niliyakata tu, nikayaunga upya kwa kanuni ya rangi inavyotaka. Halafu shangazi hakuzimia. Alikaa. Kuna tofauti.

Ila kwa kuwa muuza nyanya wa soko la Majengo ameshaniuliza mbele za watu, "Dada, wewe ndiye wa hamna jema?", bora mpate na toleo langu, lenye vipimo.

Zawadi ilikuwa blanketi la viraka, kitanda cha tano kwa sita. Kitchen party ya watu wote inaletewa sufuria na birika la umeme, na bibi harusi anaanza maisha na mabirika manne. Dodoma ya Juni na Julai mnaijua wenyewe, mchana jua, usiku upepo unapita hata kwenye dirisha lililofungwa. Nikasema huyu mtoto nimpe kitu cha kujifunika.

Nilichukua kanga doti tatu: nyekundu, njano, na nyeusi na nyeupe. Zikafuliwa kabla ya mkasi kugusa chochote, kila rangi kwenye beseni lake. Kanga mpya ina ugumu wa dukani, na pamba hiyo lazima irudi kidogo ikipata maji. Usipoifua kabla, itarudi ikiwa imeshashonwa, na kila mshono utajikunja. Halafu kuna kuchuja rangi. Lowanisha kona, weka kitambaa cheupe juu, piga pasi ya moto. Kikitoka na doa, rudisha kwenye beseni. Nyekundu yangu ilirudi beseni hadi nikaizoea. Wale wa "weka chumvi", nimewasoma, tulieni. Kanga inayochuja haitulizwi na chumvi, inatulizwa na kufuliwa mpaka maji yatoke meupe.

Mtindo niliochagua ni wa matofali, yaani vipande vya mstatili vinavyopishana kama ukuta. Ni mtindo wa watu wenye akili, kwa sababu mishono ya safu moja haikutani na ya safu inayofuata, kwa hiyo hakuna kona za kulinganisha hadi macho yatoke. Tofali unalikata inchi 5 kwa 10. Mshono unakula robo inchi kila upande, linabaki 4½ kwa 9½. Safu ya kwanza matofali 7 mazima. Safu ya pili mazima 6 na nusu mbili pembeni. Nusu hiyo usikate inchi 5 kwa 5 kwa kuwa 10 gawa kwa 2 ni 5! Nusu ya 9½ ni 4¾, ongeza nusu inchi ya mishono miwili, unapata 5¼. Hapo ndipo wengi wanapoishia na blanketi lenye kiuno. Safu 18 zinakupa takribani inchi 66½ kwa 81. Matofali mazima 117, nusu 18.

Sasa majina. Kanga ina pindo, ina mji, yaani pale katikati, na ina jina, yaani yale maneno yake, na mimi nilifundishwa kwamba jina la kanga halitupwi. Nikaamua yale majina yawe pambo la katikati, safu mbili nzima, ya 7 na ya 11. Nyekundu iliandikwa MUNGU IBARIKI NDOA YETU. Njano, ASANTE MAMA KWA MALEZI MEMA. Nyeusi na nyeupe nilinunua kwa ajili ya maua yake, na iliandikwa MAJIRANI HAMNA JEMA. Majirani ndio walengwa, jamani. Haikuwahusu wenye harusi hata kidogo.

Nikatengeneza kiolezo cha boksi, inchi 5 kwa 10, katikati nimetoboa dirisha la 4½ kwa 9½. Dirisha ndilo siri ya kukata maandishi: herufi zikionekana zote ndani yake, mshono hautazila. Herufi ikigusa ukingo, MAMA anageuka MAMI. Nyekundu ikatoa vipande viwili, MUNGU IBARIKI na NDOA YETU. Nyeusi viwili, MAJIRANI na HAMNA JEMA. Njano vitatu, ASANTE MAMA, KWA MALEZI, halafu MEMA peke yake. Jumla 7. Na kwa kuwa doti ni kanga mbili zenye jina lilelile, nikapata seti mbili kamili, 7 za safu ya 7 na 7 za safu ya 11. Nilifurahi, hesabu imekaa!

Kanuni ya rangi inasema hivi, na kila anayeshona viraka ataniunga mkono: kitambaa kimoja hakikai jirani na mwenzake. Nyekundu ikigusa nyekundu, jicho linaona doa kubwa badala ya matofali mawili. Kwa hiyo unapishanisha njano, nyekundu, nyeusi, njano, nyekundu, nyeusi, njano, au safu nyingine nyeusi itangulie nyekundu. Ukimaliza unapanda kwenye kiti, unapiga picha ya simu, unaigeuza iwe nyeusi na nyeupe, unaangalia kama penye weupe na penye giza pamegawanyika sawa. Nilipanda kitini. Nikapiga. Pamegawanyika vizuri ajabu. Nilisoma rangi mwanzo hadi mwisho. Maneno hayakuniingia akilini kwamba nayo yanasomwa.

Mtaniuliza, na kwenye kushona je? Kwenye kushona huoni kitu. Unaunga vipande uso kwa uso, kwa hiyo kinachokutazama ni upande wa nyuma. Baadaye unatandaza shuka la chini sakafuni, uso chini, limezidi inchi 4 kila upande, unalibana kwa selotepu liwe limenyooka bila kuvutwa. Juu yake blanketi jepesi la zamani lililofuliwa. Juu kabisa viraka. Pini za kufungia nepi kila upana wa kiganja, kuanzia katikati kwenda nje. Unakunja pande zote mbili kama mkeka, unaingiza kwenye cherehani kushona mistari ya kushikanisha tabaka zote 3, na kuanzia hapo dunia yako yote ni kile kidirisha cha mbele ya sindano. Sindano namba 16, mshono wa milimita 3, legeza mgandamizo wa mguu wa cherehani, la sivyo kitambaa cha juu kitachelewa na kukusanyika mbele ya mguu. Anzeni mstari wa katikati, mtoke nje. Anayeanza pembeni atafika katikati na uvimbe, na uvimbe huo hakuna pasi itakayoulaza.

Pindo la kumalizia: mzingo inchi 295, ongeza 12 za kona na maungio, 307. Vipande 8 vya upana wa inchi 2½ kutoka kwenye kitenge cha zambarau, vimeungwa kwa mshazari ili unene usirundikane sehemu moja. Mlipofika hapa mkalala, shauri yenu, hilo pindo ndilo kitu pekee kilichosifiwa bila masharti.

Haya. Ukumbini.

Kisasa, jioni, wanawake wote wamevaa zambarau, viti vimefungwa mafundo ya zambarau. MC ni mama mwenye koo lisilohitaji kipaza sauti, na alikuwa nacho. Zamu yangu ikafika. Mashangazi wawili wakashika kona za juu, wakainua. Kwanza likaonekana upande wa nyuma, shuka tupu, watu wakapiga makofi ya adabu. Wakageuza.

Vigelegele! Sitadanganya, kwa ile nusu dakika mimi nilikuwa fundi mkuu wa kanda ya kati. Kuna mtu aliniuliza bei.

"Jamani hii siyo ya dukani!" MC akasema. "Na ina maneno! Ina maneno, wazazi! Hebu tuyasome, nikisema mnaitikia."

Mimi nikiwa nimesimama pale pembeni, mikono nimeifumbata kwa unyenyekevu wa mtu anayesubiri kusifiwa tena, nikatazama safu ya 7 kwa mara ya kwanza kuanzia kushoto kwenda kulia.

"Mema!" akaita MC.

"Mema!" ukumbi ukaitikia.

"Mungu ibariki!"

"Mungu ibariki!"

"Majirani!" Alisita kidogo, lakini majirani nao ni watu, wabarikiwe. "Majirani!" ukumbi ukasema.

"Asante mama!"

Hapo shangazi, mama mzazi wa bibi harusi, akasimama. Jamani, alisimama. Akachomoa kanga ya kiunoni, akafuta jicho moja, vigelegele vikapanda hadi kwenye bati. Mimi macho yangu yameshafika matofali mawili mbele yao wote. Nikafungua mdomo niseme neno, sauti ikagoma.

"Ndoa yetu!"

"Ndoa yetu!" Wamependa. Wanapunga leso.

Ukumbi ukiwa kwenye mdundo wa kuitikia haufikiri. Pumzi imeshavutwa, mdomo umeshafunguka, neno lolote litakalotupwa litarudishwa. MC naye alikuwa kwenye mdundo.

"Hamna jema!"

"HAMNA JEMA!" Wanawake wote, sauti moja, mikono juu. Wapiga matarumbeta wakaweka na kipande.

Halafu kimya. Tofali la saba, KWA MALEZI, hakuna aliyethubutu kulisoma. Bibi harusi, ambaye alikuwa ameinamishwa kichwa kwa mila, akakiinua. Shangazi bado amesimama, kanga bado iko jichoni, jicho la pili linanitazama mimi.

MC ni mtu wa kazi. Alijua ukumbi ukikufia mkononi lazima uufufue haraka, na akaona pana mstari mwingine chini. Nikamtikisia kichwa. Nikamwonyesha kwa mkono: hapana, mama, hapana. Akadhani namwonyesha pa kusoma.

"Huo ulikuwa utangulizi, jamani! Ujumbe wenyewe upo huku! Asante mama!"

"Asante mama," wachache, kwa tahadhari.

"Majirani! Mungu ibariki! Kwa malezi..."

Shangazi akaanza kutabasamu. Malezi ni yeye. Mimi nilishika nguzo ya pazia, na nguzo ilikuwa ya kupamba tu, ikaja nayo.

"...hamna jema," MC akamalizia, polepole, sauti ikishuka kila silabi, maana mdomo ulishatangulia akili.

Safari hii ukumbi haukuitikia. Aliitikia mtu mmoja tu, bibi yetu wa Mvumi, amekaa mstari wa mbele, masikio yameshachoka lakini sauti ni ileile ya ujana. "Hamna jema!" Kisha akageukia jirani yake na kuongeza, taratibu, kama mtu anayekubaliana na hoja: "Kweli kabisa."

Ndipo shangazi alipokaa. Kwa mara nyingine: alikaa.

Yaliyofuata ni mafupi. Pilau ikaja, muziki ukapandishwa, mimi nikajifanya naosha vyombo ambavyo vilikuwa vya mkandarasi wa chakula. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa shangazi na kipande cha boksi, nikampangia sakafuni jinsi njano inavyofuata nyeusi. Alisikiliza yote. Akasema, "Mwanangu, kwa hiyo ni rangi." Nikasema ni rangi, shangazi. Akanimiminia chai.

Kulitoa tofali lililokwisha kushonwa pamoja na tabaka zote 3 ni kubomoa nusu ya safu, msijaribu. Dawa yake ni kufunika. Unakata kipande kipya inchi 5 kwa 10, unakunja robo inchi pande zote, unapiga pasi, unakilaza juu ya tofali, unashona kwa mkono kwa mshono wa kuficha, sindano ichukue kitambaa cha juu tu isitokeze nyuma. Halafu unarudishia ile mistari ya kushikanisha tabaka juu yake kwa mkono, vinginevyo kitavimba na kila mtu atajua pamefichwa kitu. Safu ya 11 nimefunika, sasa inasoma kwa malezi, ua kubwa jeusi, ndoa yetu, mema. Safu ya 7 bibi harusi amekataa isiguswe. Anasema siku mume atakaporudi usiku wa manane hatakuwa na haja ya kufungua mdomo, atamtandikia tu.

Mnaotaka oda, kanga mlete wenyewe, mkiwa mmeshazifua. Shangazi ameagiza foronya nne za sebuleni, mtindo uleule wa matofali, ila amesisitiza kanga ziwe zile zisizo na maneno. Nimemwambia, shangazi, hivyo vinaitwa vitenge.