Aliyepigwa Kalamu Juzi Ndiye Mkombozi wa Leo

Klabu ya mpira ninayoishabikia, ya huku kwetu Eastlands, Nairobi, imetangaza kocha mpya wiki hii. Upya wake siuoni. Ni yule yule aliyepigwa kalamu tukiwa mkiani, akapitia klabu nyingine mbili ambazo nazo zilimwachisha kabla ya msimu kuisha, na sasa amerudi. Pichani ameshikana mkono na mwenyekiti, skafu ya timu shingoni, wote wawili wanatabasamu. Nimeitazama picha hiyo na hasira haijanitoka mpaka leo.

Ugonjwa huu uko hata kwa wenye pesa. Chelsea walimfuta kazi Frank Lampard Januari 2021. Everton wakamchukua, wakamfuta Januari 2023. Aprili mwaka huo huo Chelsea wakamrudisha amalizie msimu: mechi 11, ushindi mmoja. Mei ya mwaka huo huo Leeds wakamwita Sam Allardyce zikiwa zimebaki mechi nne. Alipata pointi moja na Leeds wakashuka daraja. Nani pale kwenye kibanda cha mpira hakuliona hilo likija?

Nimelifikiria sana na sidhani viongozi wa klabu hawaoni. Wanaona vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba wanaogopa, na woga wao una hesabu yake. Mwenyekiti akimleta mtu mwenye jina na mambo yakaharibika, lawama zinamwendea kocha: ameshindwa kazi, aondoke. Akimleta kijana ambaye hakuna anayemjua na mambo yakaharibika, watu wanamgeukia mwenyekiti mwenyewe: huyu ulimtoa wapi? Kwa hiyo jina kubwa haliajiriwi lishinde mechi. Linaajiriwa limkinge aliyeajiri. Na kwa klabu za wanachama kama zetu, ambako kiti cha uongozi kinapatikana kwa kura, kinga hiyo ina thamani kuliko pointi tatu za Jumapili.

Halafu angalia uamuzi wenyewe unavyofanyika. Timu inapigwa mechi tano mfululizo, mashabiki wanafunga lango la uwanja wakitaka kocha aende, Jumatatu anafutwa, na Jumamosi kuna mechi. Hakuna orodha iliyoandaliwa. Hakuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufuatilia makocha tangu msimu uanze. Kinachofanyika ni simu kupigwa kwa yeyote anayepatikana, na katikati ya msimu anayepatikana ni nani? Kocha anayefanya vizuri yuko na mkataba wake na timu yake. Aliye nyumbani akingoja simu ni yule aliyefutwa mwezi uliopita. Ukiajiri kwa haraka kila mara, utaajiri waliofukuzwa kila mara. Haihitaji ufisadi wala ujinga. Inatosha tu kutojiandaa, ingawa mawakala nao wana mkono wao.

Kibaya zaidi, mara nyingine inaonekana kana kwamba imefaulu. Kocha anakuja, timu inashinda mbili, inatoka sare moja, na tayari anaitwa mwokozi. Mtafiti mmoja Mholanzi, Bas ter Weel, aliangalia ligi kuu ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004. Timu zilizobadilisha kocha baada ya matokeo mabovu ziliimarika kweli. Lakini zilizokuwa na matokeo mabovu vilevile na hazikubadilisha kocha nazo ziliimarika. Timu iliyoporomoka chini ya uwezo wake huelekea kurudi pale inapostahili, awe nani benchi. Mwokozi wetu anapewa sifa ya jambo ambalo lingetokea hata bila yeye, anaiweka kwenye wasifu wake, na inamlisha kwa miaka kumi.

Kwa Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya Kenya, tumelifanya hili kwa sababu ya kumbukumbu. Jacob "Ghost" Mulee alitupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2004 kule Tunisia, tukawapiga Burkina Faso 3-0, na heshima hiyo haimtoki. Lakini aliporudishwa Oktoba 2020, sifa kubwa tuliyokuwa tukiitaja sisi mashabiki ilikuwa ile ile ya miaka 16 nyuma. Hatukufuzu kwa AFCON iliyofuata, na Septemba 2021 akaachana na timu. Tulimkosea hata yeye mwenyewe, kumbebesha 2004 mgongoni.

Nakubali, wapo waliorudi wakafaulu. David Moyes alifutwa na Manchester United, akashuka daraja na Sunderland, West Ham wakamwacha aende 2018, kisha wakamrudisha Desemba 2019, na 2023 akawapa kombe la Europa Conference League. Vincent Kompany alishuka na Burnley 2024, Bayern wakamchukua, na msimu uliofuata akatwaa ubingwa wa Ujerumani. Sawa. Kufeli mara moja si hukumu ya maisha, na sitaki kocha yeyote anyimwe kazi milele. Lakini Bayern hawakumwajiri Kompany kwa kuwa alikuwa nyumbani akingoja simu. Walitazama jinsi timu yake inavyocheza, wakaamua hicho ndicho wanachokitaka. Hapa kwetu nataka mtu mmoja tu aniambie ni nini kimebadilika kwa kocha huyu tangu tulipomfukuza.

Na njia nyingine ipo. Thomas Frank alipopandishwa kutoka msaidizi kuwa kocha mkuu wa Brentford Oktoba 2018, alipoteza mechi nane kati ya kumi za kwanza. Hawakumgusa. Walijua walichokiona kwake. 2021 wakapanda Ligi Kuu ya Uingereza.

Kinachoniuma hasa ni huyu. Kuna kocha wa vijana wa chini ya miaka 15 ambaye huwa namwona Camp Toyoyo, pale Jericho. Anafika kabla ya watoto, gunia la mipira begani, na kwa kuwa koni hazitoshi anapanga ndala zake na za wachezaji kwenye mstari. Ana kauntabuku iliyochakaa pembeni. Ndani ameandika nani alicheza dakika ngapi, nani amekuwa akikosa mazoezi, na kando ya majina mengine ameandika sababu: karo, mama mgonjwa, amehamia Mwiki. Leseni yake ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, aliilipia mwenyewe kwa pesa za bodaboda. Alituma barua kwa klabu yetu akiomba hata usaidizi tu wa benchi. Nilimuuliza walimjibu nini. "Bado, ndugu yangu," akasema, akaendelea kupuliza mipira. Wachezaji wawili wa kikosi chetu cha kwanza wamepita mikononi mwake.

Wataniambia hana tajriba. Ataipata wapi, kama kila nafasi inayofunguka inarudi kwa watu wale wale sita?

Mkutano wa wanachama uko karibu, na ada yangu nimelipa. Nitauliza ni makocha wangapi waliohojiwa, nani aliwahoji, mkataba una kipengele gani cha fidia tukimfuta tena, na pesa hizo zitatoka wapi, maana Gor Mahia na AFC Leopards zote zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya watu waliokwishaondoka. Na kama hakuna mwingine aliyehojiwa, basi majina ya waliokaa wakaamua yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, sambamba na jina la kocha, ili msimu ukiharibika tuwajue wote.