Ukienda Uingereza kusomea uwekezaji, beba maswali ya Dar es Salaam

Msimu wa maombi ya vyuo ukianza, wadogo zangu wa Tanzania hunitumia ujumbe: "Kaka, hiyo shahada ya uzamili ya uchambuzi wa uwekezaji inalipa?" Wengi wamesomea uhasibu au benki, na baadhi wako kazini tayari. Mimi niliisomea hapa Scotland na bado naishi hapa. Jibu langu ni kwamba inalipa kwa yule anayekuja na soko la kwao kichwani. Anayekuja kupokea masomo kama yalivyo ataondoka na vifaa vizuri sana vilivyotengenezewa soko la watu wengine.

Tuanze na kinachofundishwa. Mwaka 1952 Harry Markowitz alionyesha namna ya kuchanganya hisa ili kupunguza hatari. Mwaka 1964 William Sharpe akaja na modeli inayopima hatari ya hisa kwa kipimo kinachoitwa beta, yaani kiasi ambacho bei yake huyumba soko zima linapoyumba. Eugene Fama, mwaka 1970, akatetea hoja kwamba bei ya soko hubeba habari zilizopo. Ni elimu tamu, nami naiheshimu kwa dhati. Lakini ushahidi wao mwingi ulitoka katika soko la Marekani, ambako hisa za kampuni kubwa hununuliwa na kuuzwa mchana kutwa.

Sasa chukua kampuni ndogo iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Bei yake inaweza kusimama palepale wiki nzima, si kwa sababu biashara imetulia, bali kwa sababu hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Ingiza namba hizo kwenye Excel, beta inatoka karibu na sifuri. Ukiiamini, utaandika ripoti inayosema hisa isiyouzika haina hatari ya soko. Hatari ipo, na utaiona siku unapotaka kuuza ukakosa mnunuzi. Wataalamu walilijua tatizo hili zamani: Scholes na Williams waliliandikia mwaka 1977, Elroy Dimson mwaka 1979, na wote walipendekeza namna ya kurekebisha hesabu. Darasani hapa mada hiyo hupitiwa haraka, kwa kuwa kwao ni jambo la pembeni. Kwetu ndilo somo lenyewe.

Kuna na suala la fahirisi, yaani namba inayoonyesha bei za soko zima zinavyokwenda. Fahirisi kuu ya soko letu inajumuisha pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa Dar es Salaam, kama benki ya KCB na kampuni ya bia ya EABL. Bei zao zikipanda au kushuka Nairobi, fahirisi yetu inasogea nazo, hata kama siku hiyo hakuna hisa yao iliyouzwa Dar. Ndiyo maana ikawepo TSI, fahirisi ya kampuni za ndani peke yake. Mhadhiri wa Uingereza hana sababu ya kulijua hili. Mwanafunzi Mtanzania akilijua, ameshapata nusu ya sura ya kwanza ya tasnifu yake.

Jambo linaloniuma zaidi ni namna tunavyokokotoa gharama ya mtaji, yaani faida anayoidai mwekezaji ili atoe fedha zake. Vitabu vinafundisha kuanza na riba ya dhamana za serikali, kisha kuongeza malipo ya hatari ya hisa, na kwa nchi kama zetu kuongeza tena malipo ya hatari ya nchi. Lakini hatifungani (dhamana ya mkopo wa muda mrefu) ya shilingi ya miaka 25, Serikali ilipoianzisha mwaka 2021, ililipa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Riba ya namna hiyo tayari imebeba mfumuko wa bei na wasiwasi wa mkopeshaji juu ya nchi. Ukirundika hatari ya nchi juu yake, umehesabu kitu kilekile mara mbili, na kampuni nzuri ya Kitanzania inaonekana haina thamani. Nimeona ripoti za namna hii zikiandikwa na watu wenye vyeti vizito, na zinatuumiza, kwa sababu mwekezaji akisoma kwamba kampuni haifai hatatoa mtaji.

Wapo wanaodhani tofauti kubwa kati ya huku na nyumbani ni akili za walimu. Sikubaliani nao. Hata viwango vya uhasibu ni vilevile: Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa, IFRS, mwaka 2004, kabla ya kampuni zilizoorodheshwa za Umoja wa Ulaya kulazimishwa mwaka 2005. Mhasibu wa kwetu akishika hesabu za kampuni ya London hakuna ukurasa utakaomtisha.

Tofauti iko kwenye taarifa. Hapa mwanafunzi anaingia maktaba ya chuo na kupata bei za miaka mingi za maelfu ya kampuni, zikiwa zimepangwa tayari kwa hesabu. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko kuu la London ina miezi minne baada ya mwaka wake wa fedha kufungwa kutoa ripoti kamili, na habari inayoweza kugusa bei inapaswa kuwafikia wote kwa pamoja. Nilipokuwa natafuta hesabu za miaka ya nyuma za kampuni moja ya nyumbani, nilichopata ni picha za kurasa zilizopigwa upandeupande. Ikabidi niziandike namba moja moja kwa mkono. Kazi ya namna hiyo inamkatisha mtu tamaa, naye anahamia data za London kwa sababu tu zipo. Hivyo ndivyo kijana wa Kitanzania anavyoishia kuandika tasnifu ya mia na moja kuhusu kampuni za Uingereza, wakati za kwao hazijaandikiwa hata kumi.

Tofauti nyingine ni nani anayewekeza. Hapa mfanyakazi wa kawaida ni mwekezaji hata asipojua. Tangu mwaka 2012 waajiri walianza kulazimika, kwa awamu, kuwaingiza wafanyakazi kwenye mfuko wa pensheni, na tangu 2019 mchango wa chini ni asilimia 8 ya sehemu ya mshahara inayohesabiwa. Sehemu kubwa ya fedha hizo hununua hisa na hatifungani. Nyumbani bado tunasema hisa ni mambo ya matajiri, ilhali UTT, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, ilianzisha Mfuko wa Umoja mwaka 2005 kwa ajili ya mtu wa kipato cha kawaida.

Na hapa Scotland historia yenyewe inafundisha. Mwaka 1868 ulianzishwa London mfuko wa uwekezaji wa pamoja, Foreign & Colonial, kwa lengo la kumpa mwekezaji mdogo nafasi aliyokuwa nayo tajiri ya kutawanya fedha zake. Mwaka 1873 Robert Fleming akaanzisha mfuko wa namna hiyo Dundee, mji uliokuwa ukiishi kwa viwanda vya nyuzi za juti, na akiba za watu wa pale zikaenda kwenye hatifungani za reli za Marekani. Mji wa viwanda ulikusanya akiba yake ukawa mkopeshaji wa nchi nyingine. Nikisoma hayo nafikiria fedha za wakulima na wafanyabiashara wetu zinazolala bila kazi, na nashindwa kukubali kwamba kazi hiyo hatuiwezi.

Kuhusu gharama nitasema machache. Kozi ni ya mwaka mmoja, masomo hadi majira ya kuchipua, kisha tasnifu kiangazi chote. Mbali na ada na viza, kuna ada ya huduma ya afya ya pauni 776 kwa mwaka. Wakati wa muhula unaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, na saa hizo hazilipi ada, msidanganyane. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wa kufundishwa hawaruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto. Dada mwenye mtoto mdogo alifikirie hilo kabla ya kulipa chochote.

Kama hali hairuhusu kusafiri, mitihani ya CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ni ileile duniani kote: ngazi tatu, pamoja na uzoefu wa kazi wa angalau saa 4,000 katika muda usiopungua miezi 36. Binafsi namshauri mtu afanye kazi kwanza nyumbani, kwa dalali wa hisa, benki au mfuko wa pensheni, aone mnada wa hatifungani unavyokwenda na mteja anavyoogopa. Akija huku baada ya hapo, kila kanuni itamkumbusha faili fulani mezani kwake.

Na tasnifu aiandike ya nyumbani. Mambo yamejaa. Vodacom iliuza hisa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu zijiorodheshe. Yaliyowapata wanunuzi wadogo yanastahili kuchunguzwa kwa makini. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa hadi asilimia 12.56, waliokuwa wameshika zile za zamani walivunaje kwenye soko la upili, pale wenye hatifungani wanapouziana wao kwa wao? Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya kugharimia miradi inayojali mazingira, na miji mingine ingependa kujua kama njia hiyo inawafaa.

Soko la Hisa la Dar es Salaam na vyuo vyetu nao watusaidie jambo moja: rekodi za bei na hesabu za kampuni tangu soko lilipoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL, kampuni ya gesi, ziwekwe wazi, bure kwa mwanafunzi yeyote, katika mafaili yanayoweza kuhesabika moja kwa moja.