Tangi la Mafuta Lipimwe kwa Mizunguko, Si kwa Lita

Honda wana pikipiki mbili ambazo ukizikuta zimeegeshwa pamoja utadhani ni pacha. CRF450R ni ya motokrosi, ya kurukaruka kwenye uwanja uliochongwa kwa kazi hiyo. CRF450RX ni ya mbio ndefu za porini. Miongoni mwa machache yanayozitenga ni tairi la nyuma, inchi 19 kwa ile ya uwanjani na 18 kwa ya porini, halafu tangi la mafuta: lita 6.3 kwa ya kwanza, lita 8 kwa ya pili. Tofauti ni lita 1.7, haijazi hata chupa mbili za maji za lita moja moja.

Hapo ndipo ubishi wa wapenda mbio hizi unapoanzia. Kama kiwanda kimeongeza lita 1.7, kwa nini mshindani asiongeze nne, au saba, akakimbia mpaka mwisho bila kusimama? Wenzao wanajibu kwamba kila lita ni mzigo, na mzigo humchosha mtu kabla ya mbio kumalizika. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa miaka. Naona zote zinakosea mahali pamoja: zinahesabu lita, wakati mbio zenyewe zinahesabu mizunguko.

Chukua mashindano ya GNCC ya Marekani, ambayo hupita kwenye misitu, mizizi, vijito na matope. Mbio za waendeshaji wa kulipwa huchukua takriban saa tatu, na njia ni ya kuzunguka: kila mzunguko unakurudisha ulikoanzia, ambako mtu wako anakusubiri na dumu la mafuta. Tufanye hesabu ya mfano. Mzunguko mmoja ni nusu saa, kwa hiyo ni mizunguko sita. Pikipiki inakunywa lita 2.2 kila mzunguko. Jumla, lita 13.2.

Mwenye tangi la lita 6.3 anapata mizunguko miwili tu, kwani wa tatu ungemtaka lita 6.6. Atasimama mara mbili. Mwenye lita 8 anapata mitatu na kubakiwa na lita 1.4, kwa hiyo anasimama mara moja tu, katikati ya mbio. Zile lita 1.7 zimefuta kituo kizima. Sasa mpe mtu tangi la lita 10. Anapata mizunguko minne, inabaki miwili, na bado anasimama mara moja! Mpe 12, anapata mitano, bado mara moja. Ili asisimame kabisa anahitaji 13.2 pamoja na akiba, tuseme 14.5. Kati ya lita 8 na hizo 14.5, idadi ya vituo haipungui hata kwa kimoja.

Je, lita 10 ni pesa iliyopotea? Hapana, na hapa wanaopenda tangi dogo huwa wanapita haraka mno. Mwenye lita 8 hana uchaguzi: lazima asimame mwisho wa mzunguko wa tatu, si kabla wala baada. Mvua ikinyesha, matope yakashika, tairi likawa linazunguka bila kusogea, zile lita 2.2 zinaweza kufika 2.6. Mizunguko mitatu sasa inataka lita 7.8. Amebakiwa na kikombe cha mafuta, na kilima cha mwisho kiko mbele. Mwenye lita 10 anapita bila wasiwasi, na siku ya kawaida anaweza kusimama mwisho wa mzunguko wa pili, wa tatu au wa nne, kutegemea wapinzani wamesimama lini. Tena hakuna aliyemlazimisha kulijaza mpaka juu. Siku ya jua kali anaweka 8 na kuondoka mwepesi kama mwenzake. Tangi ni chombo, na mafuta ndiyo mzigo; watu wengi wanaviweka kwenye mzani mmoja.

Turudi kwenye lile la lita 14.5, maana ndilo linalotamaniwa. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74. Tangi hilo likijaa ni karibu kilo 11 za mafuta, na zimekaa juu ya injini, mbele ya tumbo la mwendeshaji, mahali ambapo uzito unasikika kila unapoilaza pikipiki kwenye kona. Aliyeanza na lita 7.5 amebeba kilo 5.5. Tofauti hiyo ipo tangu mzunguko wa kwanza, wakati waendeshaji wamebanana na kila mtu anawania nafasi moja kati ya miti miwili.

Umbo nalo ni tatizo. Tangi kubwa hutanuka pembeni. Magoti yanasukumwa nje, na mtu anayetaka kusogea mbele ili alipe tairi la mbele uzito kwenye kona anazuiwa na plastiki. Mengine hushuka mpaka karibu na rejeta na kuzinyima upepo. Kwenye matope, pikipiki ikienda mwendo wa kutambaa, injini inachemka.

Upande wa pili, kusimama si bure. Unapunguza mwendo, unajaza, unaondoka tena, na waliokuwa nyuma yako wanakupita. Timu za kulipwa zina vifuniko maalumu: dumu linapachikwa juu ya tangi, valvu zinafunguka zenyewe, na kwa sekunde chache kazi imekwisha. Mshindani wa ridhaa hana hayo. Ana dumu la kawaida, kifuniko cha kuzungusha kilichojaa matope, na ndugu yake anayetetemeka mikono kwa haraka akiogopa kumwaga petroli kwenye ekzosi ya moto. Tuseme inamgharimu sekunde 30 kwa jumla. Zigawe kwa mizunguko sita, unapata sekunde tano kwa kila mzunguko. Swali ni moja tu: tangi kubwa, kwa uzito na upana wake, litamchelewesha zaidi ya sekunde tano katika kila nusu saa? Kwa mtu aliyechoka, msituni, nasema ndiyo bila kusita. Zaidi ya hayo, kituo kinampa miwani safi na maji ya kunywa. Kwenye matope angesimama kwa ajili ya miwani hata kama tangi limejaa.

Jangwani hesabu hii inapinduka. Kwenye Baja 1000 ya Mexico, iliyoanza mwaka 1967, mafuta yanakusubiri pale tu gari la msaada linapoweza kufika. Kwenye Dakar, ambayo tangu 2020 inafanyika Saudi Arabia, pikipiki za cc 450 hubeba zaidi ya lita 30 zilizogawanywa mbele na nyuma, na hakuna anayebishana, kwa sababu asiyebeba atalala mchangani. Anayeiga tangi la Dakar kwa mbio za saa mbili msituni ameiga jibu la swali la mtu mwingine.

Kuna jambo ambalo tangazo la duka halisemi. Tangi la lita 10 halikupi lita 10. Madereva wa bodaboda wanalijua hili: mafuta yakikata, unaweka rizevu, na rizevu ikikata unailaza pikipiki ubavu ili matone ya upande wa pili yavuke kwenda kwenye koki. Matangi makubwa yenye mabawa mawili, yanayoning'inia pande zote mbili za fremu, yana tabia hiyohiyo. Na pikipiki za siku hizi zisizo na kabureta hazina rizevu ya kugeuza kwa mkono. Zina pampu ndani ya tangi, na ikivuta hewa kwenye mlima mkali injini inazima papo hapo.

Kwa hiyo kabla ya kununua tangi, pima ulilo nalo. Simamisha pikipiki mahali tambarare, jaza mpaka shingoni, kimbia mzunguko mmoja kwa kasi ya mashindano kabisa, rudi palepale, na ujaze tena kwa jagi lenye alama. Hicho ndicho kiasi cha mzunguko wako. Zidisha kwa mizunguko ya mbio unazokwenda. Siku nyingine iache izime yenyewe kwa kukosa mafuta, fungua tangi, mimina kilichobaki kwenye jagi hilohilo: hicho ndicho kiasi ambacho tangi halikupi. Ukitaka jipya, chagua la plastiki inayopitisha mwanga, uone mafuta yalipofikia bila kufungua kifuniko, na usilibandike stika upande huo: mvuke wa petroli hupenya plastiki, na stika itavimba malengelenge kabla msimu haujaisha.