Hata Rooney Hakuwa na Mtu wa Kumpigia Simu?

Shemeji yangu amekuja kututembelea Desemba hii, na tulikuwa tunaelewana vizuri tu mpaka usiku tuliposimamishwa na polisi hapa Stockport, mji wa jirani na Manchester, Uingereza. Taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Askari, kijana mdogo tu, akainama dirishani, akasalimia, akauliza kama nimekunywa. Nikasema hapana. Akanipa kipimo, akaniambia nipulize mfululizo mpaka aniambie basi. Nje baridi ya kukata masikio. Napuliza, mashavu yamejaa kama ya mpiga tarumbeta, na shemeji hapo pembeni, kajikunyata ndani ya jaketi langu, ananinong'oneza kwa Kiswahili: "Mpe kitu basi twende, tutaganda hapa."

Kipimo kikasoma sifuri, kijana akaniambia nikabadilishe taa, akatutakia usiku mwema, akaenda zake.

Nilidhani yameisha. Tumefika nyumbani, chai mezani, shemeji ananiuliza: "Sasa ungekuwa umekunywa kweli, ungempigia nani?" Nikamwambia hakuna. "Hakuna kabisa? Hata mchungaji wenu? Hata yule Mtanzania mwanasheria wa Leeds?" Nikasema hakuna. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba shemeji yake miaka yote hii anaishi Uingereza bila ndugu wala jamaa. Ndipo nikamtajia Wayne Rooney, yule mchezaji mpira aliyekamatwa akiendesha amelewa, maana mahakama aliyopandishwa iko hapa hapa mjini kwetu. Na toka siku hiyo tunabishana, hadi mke wangu katuomba tutafute mada nyingine.

Rooney mnamjua, tena wengine mlimwona kwa macho yenu. Julai 13, 2017, Everton walikuja Dar kucheza na Gor Mahia ya Kenya pale Uwanja wa Taifa. Rooney ndiyo kwanza karudi klabu yake ya utotoni, na bao lake la kwanza tangu arudi alilifungia kwetu, shuti la mbali ambalo kipa alilisindikiza kwa macho. Tuyisenge akawasawazishia Gor, Dowell akaja kuwapa Everton ushindi wa 2-1. Mnamkumbuka na yule jamaa aliyeruka uzio akakimbia mpaka katikati ya uwanja kwenda kumkumbatia? Mimi nilikuwa huku, naangalia kwenye simu wakati wa mapumziko ya kazi, nawaonyesha wenzangu: hapo ndipo kwetu, hapo, oneni watu. Nilijisikia fahari mpaka kesho yake.

Hata miezi miwili haikuisha. Usiku wa kuamkia Septemba mosi, saa nane hivi, polisi wakamsimamisha Wilmslow, kusini ya Manchester, akiendesha Volkswagen Beetle ambayo hata si yake, ni ya dada mmoja aliyekuwa naye. Akapulizishwa. Sheria inaruhusu mikrogramu 35 za kilevi kwa kila mililita 100 za pumzi, yeye alikuwa na 104. Jumapili ya Septemba 17 Everton wakapigwa 4-0 Old Trafford naye akiwa uwanjani, na Jumatatu yuko kizimbani Stockport na suti yake. Akafungiwa kuendesha kwa miaka miwili, akapewa saa 100 za kufanya kazi za jamii bila malipo. Pesa aliyotakiwa kuilipa mahakamani ni gharama za pauni 170 tu, kwa sababu hakimu aliona faini, hata iwe kubwa vipi, haitamwingia mtu mwenye fedha zile, na klabu yake ilikuwa imeshamkata mshahara wa wiki mbili.

Sasa niwaambie nilivyoipokea habari hiyo, maana niliipokea mara mbili.

Kazini, kwenye ghala nililokuwa nafanya wakati ule, kuna mzee mmoja shabiki wa Manchester United wa kufa na kuzikwa. Mabao 253 ya Rooney pale United anaweza kukusimulia moja moja, na mguu uliopiga. Nikajua atamtetea. Akanywa chai yake, akasema, "Angeua mtu." Basi. Vijana wa City wakacheka wiki nzima, wakatunga na nyimbo, nayo magazeti yakamsahau dereva mlevi yakamshikia bango yule dada mwenye gari, alikuwa anakwenda naye wapi na mkewe ana mimba. Huo umbea wa Waingereza usikieni tu, kijiwe cha kahawa Kariakoo kinasubiri. Lakini katika kelele zote zile sikumsikia mtu hata mmoja anauliza ilikuwaje mpaka kesi ikafika mahakamani.

Kwenye kundi letu la WhatsApp, watu niliosoma nao, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza. "Alishindwa kumalizana nao pale pale?" "Kwa hela ile si angekinunua kituo kizima?" "Hakuwa na mkubwa wa kumpigia?" Mmoja akaandika, "Wamemdhalilisha mtoto wa watu, saa 100 za kufagia!" Na mwingine, huyu ni mtu na heshima zake, mzee wa kanisa, akaweka vidole vya kuomba: "Tumwombee, ni majaribu."

Simu ndiyo kesi yangu yote. Onyesho lile mnalijua kuliko mimi. Gari kubwa, vioo vyeusi, barabara ya Bagamoyo usiku wa Ijumaa. Trafiki kanyoosha mkono. Staa anashusha kioo nusu, harufu inatangulia kutoka, na kabla hajaulizwa leseni tayari simu iko sikioni. "Afande, ongea na mkubwa hapa." Trafiki anaipokea kwa mikono miwili, anabana miguu gizani kana kwamba anaonekana, "Ndiyo mkuu, sawa mkuu, nimekuelewa mkuu." Anarudisha simu, anapiga saluti. Na gari linaondoka, limebeba pombe ile ile, linaelekea Tegeta kule kule waliko watoto wenu.

Najua mnachoandika hapo chini. "Huyu kapanda ndege juzi tu leo anatufundisha." "Kasahau alikozaliwa." Sijasahau. Nilizaliwa Temeke, na haya ninayoyasema niliyasema nikiwa huko, tofauti ni kwamba zamani mlikuwa mnaniambia nina wivu, sasa mnaniambia ninaringa. Na sisemi Mwingereza ni mtakatifu. Njoo katikati ya Manchester Jumamosi saa saba usiku uone mabinti wamevua viatu wanatembea pekupeku kwenye baridi na wavulana wamekumbatia nguzo za taa. Wanakunywa hawa. Sisi ni wanafunzi.

Tena hawakuzaliwa hivi. Mwaka 1967 waziri wao wa usafiri, mama mmoja aitwaye Barbara Castle, alipoleta kipimo cha pumzi, alitukanwa wee. Wenye baa walimlaani, walevi walimwambia anaingilia starehe zao, na kibaya zaidi kwao, mama mwenyewe hakuwa na leseni ya udereva! Hebu fikiria yangekuwa kwetu. Mwaka 1979 bado watu zaidi ya 1,600 walikufa Uingereza katika ajali za madereva walevi. Miaka hii ni kama 300 au pungufu. Kwa hiyo wewe unayesema "hao ni Wazungu, wana ustaarabu wa asili," acha. Babu zao waliendesha wakipepesuka kama wajomba zetu.

Wala tatizo letu halipo kwenye sheria. Majirani zetu Wakenya waliandika 35 ile ile ya Uingereza kwenye kanuni zao. Desemba 2013 walipoingiza Alcoblow, kipimo chao cha pumzi, barabarani, watu walifanya nini? Walianza kutumiana ujumbe: msipite njia fulani, wapo. Taifa zima likawa mlinzi wa mlevi. Januari 2017 Mahakama ya Rufaa ya huko ikaona kanuni zile zina kasoro, na baa zikashangilia kama kuna kombe limeletwa.

Shemeji ana hoja nzuri zaidi yenu, nimkubalie. Anasema huku wana treni, wana mabasi ya usiku, sisi mnywaji atarudije nyumbani? Nikamuuliza bei ya bajaji kutoka Sinza hadi Mwenge. Akacheka mwenyewe. Mimi hapa nikikosa basi la mwisho, teksi ya kunirudisha nyumbani inakula karibu nusu siku ya kazi. Dar, toka nje ya baa yoyote, saa yoyote ile, kuna bodaboda watano wanakuita bosi kabla hujafunga mkanda. (Kama na wao hawajaonja hiyo ni habari nyingine, siku nyingine.) Kwa usafiri wa mlevi tumewazidi, na nasema hivyo kwa majivuno kabisa. Tumewazidi, na bado staa wetu anashika usukani, kwa sababu kupanda bajaji ni aibu na kuendesha ukiwa umelewa si aibu.

Halafu kuna mwingine ataniambia, "Lakini na hao wanasameheana." Kweli. Aprili 2018 mtangazaji wao kipenzi, Ant McPartlin wa runinga ya ITV ya huku, alihukumiwa mahakama ya Wimbledon. Alikuwa na 75 kwenye pumzi, kagonga magari mawili Richmond, mama yake mzazi kaketi pembeni yake. Akafungiwa miezi 20 na kupigwa faini ya pauni 86,000. Hiyo faini haikuokotwa hewani. Huku faini hupimwa kwa kipato chako, na mahakama iliambiwa kwamba bwana huyu anaingiza pauni 130,000 kwa wiki. Kipindi chao mwenzake Dec akakiongoza peke yake. Januari iliyofuata watu wakawapigia kura wakachukua tuzo ya watangazaji bora, ya 18 mfululizo, na nusu ya mwaka ule Ant hakuonekana hata kwenye runinga! Nilikasirika. Nikasema, kumbe na nyie. Lakini angalau kwanza alilipa, na alitembea kwa miguu. Sisi msamaha unafika kabla gari halijakokotwa.

Hapo kwenye faini ndipo shemeji alipoguna. Mpimie staa wetu kwa kipato, kwa kipato kile anachotutajia kwenye mahojiano, nyumba tatu, magari sita, cheni ya dhahabu. Siku hiyo hiyo utasikia gari ni la kuazima na nyumba ni ya shangazi.

Kinachonichosha zaidi ni hili la "mwacheni, ni binadamu." Yule mama anayechoma mihogo kandokando ya barabara saa tano usiku, naye ni nani? Wakati gari linampitia, wale wale waliosema mwacheni wataandika "pumzika kwa amani mama", watachangishana rambirambi, na kwa kuchanga, jamani, hatuna mpinzani. Huku jirani yangu alifiwa nikajua baada ya mwezi. Kwetu msiba ungejaa kabla maiti haijafika. Tuna moyo huo mkubwa namna hiyo, na tunausubirisha mpaka msibani.

Shemeji kanijibu jana kwa mara ya mwisho. Kasema ninaongea hivi kwa sababu sina mtu wa kumpigia, ningekuwa naye ningenyamaza. Nikamwambia inawezekana, ndiyo maana nashukuru sina. Mke wangu akazima taa ya sebuleni tukiwa bado tumekaa.

Wewe unayejiandaa kuandika "rudi basi tukuone," narudi, Machi, tiketi nimekata. Wanaokuja kunipokea uwanja wa ndege najua mtapitia mahali kwanza, mnangoja ndege, mbili tatu za baridi. Njooni tu, tutakumbatiana, tutapiga picha. Begi nitaliweka kwenye teksi ya pale nje, na atakayeniona ninaringa anifuate kwa nyuma, taratibu, akiendeshwa.