Maksi Moja kwa Gemu Mbili

Mpwa wangu siku hizi salamu kaiacha kwao. Akiingia tu, "Anko, hii gemu kali?" huku kaninyooshea simu. Kwenye kioo kuna picha ya kasha na namba kubwa ya kijani: tisa kwa kumi. Nami kila mara namjibu kwa swali lilelile: tisa ya nini? Ya kucheza peke yako au ya mtandaoni?

Ananiona mzee msumbufu. Lakini gemu nyingi kubwa, hasa za kupigana risasi, ni gemu mbili ndani ya diski moja. Moja ni hadithi: ina mwanzo na mwisho, misheni zimepangwa, maadui wanaendeshwa na mashine. Nyingine haina hadithi yoyote, ina ramani (yaani viwanja vya mapambano), silaha na binadamu wenzako wanaokutukana kwa lugha usiyoijua. Wakati mwingine hata waliozitengeneza si walewale. Spec Ops: The Line ya mwaka 2012 ilitungwa na studio ya Yager ya Berlin, hadithi nzito ya askari anayepotea akili katikati ya Dubai iliyofukiwa na mchanga. Sehemu ya mtandaoni ikapewa studio nyingine kabisa, kwa sababu mchapishaji aliitaka iwepo, na baadaye msanifu mkuu wa gemu akasema hadharani kwamba haikupaswa kuwepo. Sasa mhakiki anachukua nane ya hadithi, anachukua nne ya mtandaoni, anaandika sita. Sita hiyo haipo popote ndani ya diski. Anayependa hadithi ataipita nzuri, na anayetaka mapambano atanunua mbovu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni GTA V, kwa sababu kila mtu anaijua. Ilitoka Septemba 17, 2013 na sifa zikamwagika, maksi karibu na kumi kila ukurasa. GTA Online ikafunguliwa Oktoba 1, wiki mbili baadaye. Maana yake zile maksi ziliandikwa kabla sehemu ya mtandaoni haijafunguliwa kwa umma. Ilipofunguliwa, seva, yaani kompyuta za kampuni zinazowaunganisha wachezaji, zikazidiwa. Watu wakakwama kwenye misheni za mwanzo, wengine wakaamka asubuhi wahusika wao wamefutika, hadi Rockstar, watengenezaji wake, wakawagawia wachezaji dola 500,000 za ndani ya gemu kama kifuta jasho. Kisha ile sehemu iliyoanza kwa aibu ikageuka ndiyo mgodi: magari, majumba na misheni mpya za wizi viliongezwa huko mwaka baada ya mwaka, na nyongeza ya hadithi tuliyoisubiri haikuja kamwe. Halafu Desemba 16, 2021 mlango wa mtandaoni ukafungwa kwa wenye mashine za PS3 na Xbox 360. Weka diski ileile leo kwenye PS3 ileile: Michael, Franklin na Trevor, wale watatu wa hadithi, wapo, wanagombana kama kawaida. Ile tisa na nusu ya 2013 ilikuwa ya nini basi?

Ndiyo maana nasema hadithi inaweza kupimwa mara moja, kama sahani iliyokwisha pakuliwa. Ukiimaliza umeimaliza, toa hukumu yako ulale. Sehemu ya mtandaoni ni genge. Uzuri wake unategemea nani kaja leo, bei zimepandaje na mvua imenyesha au la. Maksi yake isiyo na tarehe haina maana. Na mimi naongeza: isiyo na mahali pia.

Mimi nacheza kutokea Dar. Jioni, nikiunganishwa na seva za Ulaya, ping yangu, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, inacheza kwenye milisekunde 170, na watoto wa mtaa wakianza kuangalia video inapanda zaidi. Kwa macho inakuwa hivi: naona adui, nakimbilia nyuma ya ukuta, nafika, najibanza, napumua. Halafu nakufa. Kwa yule aliyenipiga, kwenye kioo chake nilikuwa bado katikati ya barabara. Mhakiki aliyekaa London na intaneti yake ya fiba ataandika kwamba silaha zinaitika vizuri, na hasemi uongo. Anaandika kuhusu gemu ambayo mimi sijawahi kuicheza.

Jumapili ya Mei 12, 2024 ndiyo ilinifundisha kabisa. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya ukanda wetu ikawa ya kubahatisha. Hata ujumbe wa WhatsApp ulikuwa unazungusha kiduara. Siku hiyo kila gemu niliyonayo, upande wa mtandaoni ilipata sifuri, bila mhakiki yeyote kuhusika.

Nikachomeka Titanfall 2, upande wa hadithi. Nina misheni moja humo ambayo huwa nairudia kama mtu anavyorudia goli zuri, inaitwa Effect and Cause. Unaingia kwenye maabara iliyoungua, dari zimeanguka, wanyama wakali wanazurura kwenye korido. Unavaa kifaa kwenye mkono wa kushoto, na tangu hapo kitufe kimoja kinakurudisha miaka nyuma, mahali palepale, kabla hapajaungua: taa zinawaka, sakafu inang'aa, walinzi wanakushangaa umetokea wapi. Bonyeza tena, umerudi kwenye magofu. Moto unaokuzuia leo, jana ni mlango wazi. Kuna mahali unakimbia juu ya ukuta uliopo zamani tu, unaruka, na ukiwa bado hewani unabonyeza ili utue juu ya ukuta mwingine uliopo sasa tu. Mara ya kwanza nilidondoka mara sita hivi, nacheka peke yangu sebuleni. Kisha misheni inaisha, na kifaa nacho basi. Hukioni tena. Studio nyingine ingekuwa na wazo kama lile ingelikamua gemu tatu.

Wapo wanaolalamika kwamba hadithi nzima ni kama saa sita tu. Mimi saa sita za namna hiyo nazitaka kuliko sitini za kuokota majani porini. Na angalia ndugu yake: Titanfall ya kwanza ya 2014 haikuwa na hadithi ya kucheza peke yako, kila kitu kilipita mtandaoni, na Desemba 2021 ikaondolewa sokoni. Titanfall 2 nayo ilikuja na bahati mbaya ya kutoka Oktoba 2016 ikiwa imebanwa katikati ya Battlefield 1 na Call of Duty ya mwaka huo, ikauza chini ya matarajio. Ile misheni haijali. Siku nyaya zimekatika ilikuwa vilevile.

Nisieleweke kwamba kila cha kucheza peke yako ni kitakatifu. Kuna hadithi zinazowekwa ili kasha lipate maneno ya kuandika nyuma. Call of Duty: Modern Warfare III ya 2023 ina misheni kadhaa ambazo kwangu ni ramani za mtandaoni zilizotolewa watu: jitafutie silaha, jitafutie njia, fungua makasha. Hiyo naihukumu kama hadithi na inafeli, hata kama upande wa pili ni mtamu. Kuna nyingine zinazofunga pande mbili kwa kamba. Mass Effect 3 ilipotoka 2012, utayari wa jeshi lako ulianzia asilimia 50, na usipoingia mtandaoni au kwenye programu yake ya simu haupandi. Yaani mtu aliyecheza gemu mbili zilizotangulia usiku na mchana, peke yake, anaambiwa hadithi yake itaishia pazuri zaidi akipigana na watu asiowajua. Hapo mimi nakata maksi pande zote mbili.

Halafu kuna upande wa tatu, ambao wahakiki wanaupa sentensi moja kama wakikumbuka: pedi mbili, TV moja.

Wengi wetu gemu tulizijulia bandani. Banda letu lilikuwa chumba cha mabati chenye benchi mbili, TV ya kichogo na PS2, baadaye PS3 na PS4. Mechi moja mia tano, mshindi anabaki, aliyefungwa ananyanyuka. Pedi moja ilikuwa nzima, nyingine kijiti chake kimeisha mpira hadi kimebaki plastiki, kikikukwaruza kidole gumba, na kila mtu alijua kwamba ukipewa hiyo umeshafungwa goli moja kabla ya filimbi. Pale gemu ilihukumiwa na foleni. Je, marudiano yanaanza haraka au tunakaa tunaangalia matangazo ya kufungulia? Aliyepigwa tano bila anatafuta mia tano nyingine au anaenda nyumbani? FIFA 17 ilipokuja na hadithi ya kijana Alex Hunter, wahakiki waliiandikia aya kwa aya. Bandani sikuona hata mmoja akiifungua. Nani akulipie mia tano uangalie kijana anaongea na babu yake?

Na upande huu una historia ya kuwaaibisha wapimaji. GoldenEye 007 ya mwaka 1997 ilitengenezwa kuwa gemu ya kucheza peke yako. Ile sehemu ya watu wanne kugawana kioo kimoja iliongezwa mwishoni mwishoni, na watu wachache tu, na ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu hadi leo. Badala ya kujifunza hapo, kampuni zinaikata. Halo, gemu iliyokuzwa na marafiki kwenye kochi moja, ilifika Halo Infinite ikaahidi hadithi ya kucheza wawili kwa kugawana kioo, na Septemba 2022 watengenezaji wakatangaza wameachana nayo.

Kwa hiyo nikiulizwa mimi natoa maksi tatu, na sizijumlishi. Ya peke yako. Ya mtandaoni, yenye tarehe, kutokea Dar. Ya kochi. Ikikosekana moja naandika haipo, siandiki sifuri, maana gemu iliyoamua kuwa hadithi tu haijamkosea mtu.

Wiki iliyopita mpwa wangu kanisikiliza hadi hapo, akakuna kichwa. "Anko, we niambie tu, ninunue au nisinunue?"

Nikamwambia aangalie kwanza kama inachezeka kwa pedi mbili, maana najua atamleta mdogo wake. Akapekua ule uhakiki wa tisa kwa kumi juu mpaka chini, akarudi juu, dakika tatu nzima. Hapakuwa pameandikwa popote.