Hipnosi juu ya soko: kelele ni kikwazo kweli?

Ukitafuta Mji Mkongwe chumba kisichofikiwa na kelele, utatafuta sana. Kuna vespa uchochoroni, watoto wa chuo cha Kurani wanasoma kwa sauti moja, fundi anapigilia misumari jirani, na umeme ukikatika majenereta yanaanza kunguruma. Wataalamu wa hipnosi wameanza zamani kubishana kama kazi yao inawezekana penye kelele. Kwetu jibu lina uzito wake: kama haiwezekani, basi Unguja mjini hatuna pa kuifanyia.

Wanaodai kimya wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Hipnosi ni kumwongoza mtu kwa maneno mpaka mawazo yake yakusanyike mahali pamoja, na hapo maelekezo kama "mkono wako unakuwa mwepesi" humwingia kuliko kawaida. James Braid, daktari Mskoti aliyefanya kazi Manchester miaka ya 1840, alianza kwa kumtaka mtu akazie macho kitu kimoja tu, asiyabandue. Sasa kama mtaji wote ni umakini, kila honi inaupunguza. Hospitali ya chuo kikuu ya Liège, Ubelgiji, imekuwa ikitumia hipnosi tangu 1992 kwenye upasuaji, pamoja na ganzi ya sehemu na dawa kidogo za kutuliza, na huko timu nzima hutakiwa kusema kwa sauti ya chini. Ongeza na yule anayekuja mara ya kwanza akiogopa "kuchukuliwa akili". Mlango ukibamizwa, anafumbua macho kuhakikisha bado yumo.

Lakini ushahidi wa upande wa pili nao ni mzito. Mwaka 1976, huko Marekani, wanasaikolojia Éva Bányai na Ernest Hilgard waliwapandisha watu kwenye baiskeli ya mazoezi, macho wazi, wakikanyaga huku wakiambiwa wanazidi kuwa wachangamfu na makini. Waliitikia maelekezo sawa na walipolegezwa kwa njia ya kawaida. Mwaka 2000 daktari Elvira Lang na wenzake, huko huko Marekani, wakatoa utafiti wa wagonjwa 241 waliofanyiwa matibabu ya mishipa na figo wakiwa macho, chumbani mna mashine na wahudumu wanaoingia na kutoka. Waliofanyiwa hipnosi walimaliza kwa wastani wa dakika 61, waliohudumiwa kwa kawaida dakika 78, na maumivu ya wale wa hipnosi hayakupanda kadiri muda ulivyokwenda.

Na mtu wa Pemba ataniuliza Marekani ya nini. Kilingeni kwa mganga, mwele, yaani mgonjwa, hapandishi pepo kwa kimya. Ni ngoma, nyimbo, makofi na moshi wa ubani. Kwenye Maulidi ya Homu wanaume huyumba kwa safu moja wakiitikia, na ukiwatazama huoni mtu aliyetawanyika mawazo. Sisemi hayo ni hipnosi. Kila moja lina nia yake na wenyewe, na kuyachanganya ni kuwakosea wote. Ninachosema ni kwamba akili hujikusanya hata penye sauti kubwa. Mpinzani atajibu, na hapa ana haki, kwamba ngoma na maulidi ni sauti inayowavuta wote upande mmoja, na ya soko la Darajani huvuta pande mia.

Kwa hiyo tuangalie ni kelele gani. Jenereta linalonguruma mfululizo husahaulika baada ya dakika chache. Kinachomtoa mtu ni maneno anayoyaelewa, na zaidi ya yote jina lake. Ningekubali dirisha linalotazama soko kuliko linalotazama baraza ambapo wazee watano wanabishana siasa na kila apitaye anaitwa: "Bi Asha! Hujambo Bi Asha?"

Ufundi nao una sehemu yake. Milton Erickson, daktari wa akili wa Marekani, alisifika kwa kukichukua chochote kinachotokea na kukiingiza kwenye kazi. Muuza kahawa anapita chini akigonga vikombe. Asiyejua hunyamaza asubiri apite, na mteja akahisi kuna tatizo. Anayejua huendelea kwa sauti ile ile: "Na kila vikombe vinapolia, mabega yanashuka kidogo." Adhana ni jambo jingine. Hiyo husemi juu yake wala huigeuzi chombo cha kulegeza watu. Wenye mji watachukia, na haki yao. Mwambie mteja mapema kwamba ikianza mtanyamaza, na yeye apumue tu mpaka iishe.

Ila naona wote wawili, wa kimya na wa kelele, wanapita mbali na tatizo kubwa zaidi la hapa, ambalo ni siri. Katika nyumba zetu za dari za boriti, sauti ya chumba kimoja hufika cha pili, na dirisha la jirani liko karibu kiasi cha kupeana chumvi. Mtu akieleza hofu yake ya ndoa au ya kufiwa, kimya ndicho kinachomfichua. Usiku wa shamba, penye utulivu ambao wataalamu wanausifu, neno moja husikika nyumba ya tatu. Mchana wa Darajani, hata ukilia, hakuna atakayejua ni nani.

Kwa hofu ya sindano au ya kung'olewa jino, mimi ningekubali chumba juu ya soko bila wasiwasi. Kwa aliyebeba jambo zito singeuliza kwanza pana kelele kiasi gani. Ningeuliza nani anakaa upande wa pili wa ukuta. Na popote pale, mteja azinduliwe sawasawa, akae, anywe maji, azungumze kidogo, kabla hajarudishiwa ufunguo wa vespa yake.