Flashi za wizi hadi lini?

Inaniudhi kuona vibanda vya katikati ya jiji bado vinajazia watu flashi nyimbo za wizi mchana kweupe. Makanga anaichomeka, spika zinatikisa vioo vya matatu, na kwenye redio panasomeka "Track 07". Hata jina la msanii limefutwa! Aliyelipia studio kutoka mfukoni hapati ndururu. Zamani ungesema huna njia nyingine. Sasa? Mdundo, huduma ya muziki halali mtandaoni, ilianzia papa hapa Nairobi, na nyingine kama hiyo, Spotify, ikaingia Kenya Februari 2021. Usipolipa, vumilia tangazo, msanii apate chake, ingawa ni kiduchu (hilo nalo linaniuma). Halafu mtu anayemaliza bando kwa video usiku kucha ananiambia muziki halali ni ghali!